Mwani mnene unakufa kila kaskazi: nihamie maji marefu au niachane nao?

BiMwani_Jambiani

Assalaam alaykum jamani. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mkiona herufi zimerukana mnisamehe. Mwanangu kaniambia humu kuna watu wa bahari, watu wa kilimo na watu wa kubisha. Mimi nawahitaji wa aina mbili za mwanzo.

Mie ni mkulima wa mwani, Jambiani, Unguja. Nimeanza mdogo, nambebea mama yangu taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, wakati mwani ndio kwanza umeletwa huku kwetu na Paje, mwaka 1989. Mbegu zilitoka Ufilipino. Watu walitucheka, wakisema sasa wanawake wamekosa kazi, wanapanda majani baharini. Waliotucheka wakaja kutukopa. Nyumba ninayolala leo ni ya matofali, na matofali yale yametoka kwenye mwani mnene, ile kotoni. Si mwembamba. Mwembamba unatia mboga kwenye chungu tu. Mnene ndio uliokuwa ukiezeka nyumba, maana bei yake ni karibu mara mbili.

Sasa mnene umetukimbia. Haukuondoka siku moja. Kwanza ulikuwa ukifa kaskazi, miezi ya joto, na kurudi kusi, miezi ya ubaridi, ikifika mwezi wa sita unapanda tena mambo yanakwenda. Halafu ukawa unakufa kaskazi na kusi unarudi nusu. Baadaye wengi wetu tukakata tamaa tukabaki na mwembamba. Mwaka huu mimi na wenzangu sita tukasema tujaribu tena. Tukachanga, tukaagiza mbegu Pemba, magunia matatu, zikaja na boti zimefunikwa magunia ya maji. Tukafunga kamba arubaini. Siku ya nane nikaona ncha zimekuwa nyeupe, kama mtu aliyepaka chokaa. Siku ya kumi na mbili kamba tupu, taitai zinaning'inia kama nyuzi za kanzu iliyofumuka. Mbegu nzima imekatika vipande, imekwenda zake.

Na joto la mwaka huu silo. Juzi maji yamekupwa, nimekanyaga kidimbwi kilichobaki kati ya vigingi, nikarudisha mguu. Wallahi nilidhani nimetia mguu kwenye sufuria ya chai. Kisima chetu nacho kimeshaanza chumvi, ndio kawaida yake kaskazi, lakini mwaka huu imewahi. Usiku hatulali ndani, tunatoa majamvi uani. Na Ramadhani imeangukia humu humu, kwa hiyo unakwenda kuinama pwani saa tano ya mchana, jua la utosi, mdomo umekauka, na hupati hata kuusukutua usije ukameza.

Afisa mmoja alipita akatuambia tuhamie maji marefu, huko kuna ubaridi. Mimi nina miaka arubaini na tano na sijui kuogelea. Katika sisi saba anayejua ni mmoja, naye ni kwa sababu alikulia kwa babu yake mvuvi. Kaka yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu huko nje ndiko wanakopita wale wageni wa kaiti, wanaovutwa na tiara juu ya maji, kaskazi nayo ni msimu wao, wanapita mbio juu ya kamba zetu utadhani ni zulia.

Basi naomba mnijibu. Hili joto ni la mwaka huu tu au ndio mambo yenyewe? Na huko maji marefu mtu kama mimi anakwendaje? Na kama hakwendi, kuna namna ya kubaki na mnene hapa hapa, au nirudi kwenye mwembamba nikae kimya?

Mswahili_Muscat

Dada pole, lakini joto la Unguja ni joto gani? Mimi niko Muscat, mwezi wa sita na wa saba huku tunapiga nyuzi 45 na watu wanakwenda kazini. Nyinyi mna upepo wa bahari bure. Ushauri wangu acha mwani, fungua biashara. Jambiani watalii wamejaa, uza vitenge, uza juisi. Mwani ni kazi ya kuvunja mgongo.

BiMwani_Jambiani

Ahsante kaka. Huko kwenu mnakwenda kazini ndani ya gari yenye kiyoyozi mkatoke kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Njoo uiname pwani saa tano na hizo nyuzi zetu chache halafu tuzungumze. Juisi nimekwisha kuuza, mwaka ule wa korona watalii walipokatika nilikunywa juisi yangu mwenyewe. Bahari haikufungwa.

Wengine jamani.

Mwalimu_Micheweni

Wa alaykum salaam Bi. Nimefundisha jografia Pemba miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu, nafuga mbuzi na kuangalia bahari. Swali lako la kwanza nitalijibu mimi, hayo mengine nitawaachia wenye mikono.

Watu wakisema joto wanafikiria kipimo cha hewa. Mwani wako haukai hewani. Utazame unapokaa: uko kwenye maji ya goti, juu ya mchanga mweupe, ndani ya mwamba unaoyazuia maji yasitoke upesi. Sasa tia hesabu ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Visiwani kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua linakupwa saa nne, saa tano, mpaka karibu na saa sita ya mchana, na usiku vivyo hivyo. Hiyo haibadiliki, babu zetu wameikuta na wajukuu wataikuta. Maana yake ni kwamba siku ambazo maji yanakwenda mbali kabisa ndizo siku ambazo yanakuwa haba wakati jua liko juu. Maji mafu, siku ambazo maji yanakupwa kidogo tu, ni kinyume chake: mchana bahari imejaa, mwani umejifunika.

Bado. Kisiwa chenu kiko kwenye nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua linapita juu ya utosi wenu barabara mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Chomeka kijiti wima siku za tarehe tano Machi, saa sita na nusu mchana, utakuta hakina kivuli. Na bamvua kubwa za mwaka zinaangukia Machi na Septemba, siku zinazokaribia usiku na mchana kulingana. Kwa hiyo Machi mambo matatu yanakutana mlangoni pako: jua la utosi, maji yanayokupwa kupita kiasi, na saa ya kukupwa iwe hiyo hiyo ya jua. La nne ni upepo. Kaskazi ikivuma vizuri, Desemba na Januari, inachanganya maji ya juu na ya chini. Mwisho wa Februari inachoka, tunaingia tangambili, kati ya pepo mbili, bahari inalala shwari kama mafuta. Hapo ndipo kidimbwi chako kinapokuwa chai.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: mwalimu, na Oktoba je, mbona mwani haufi? Nilimpa maksi zote kabla sijamjibu. Bahari ni chungu kizito, inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa. Oktoba jua liko utosini lakini maji bado yana ubaridi wa kusi, yametoka Agosti yakiwa nyuzi 25 au 26. Machi yamepikwa miezi mitatu mfululizo.

Je, ni la mwaka huu tu? Hapana. Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na mwaka ukiwa na El Niño linaongezeka juu yake. Mwaka 1998 matumbawe yetu yaligeuka meupe huku na huku kwenye pwani yote hii, yakageuka tena 2016, na tena 2024. Zamani mwaka mbaya ulikuwa mgeni, ukiondoka unasahau. Sasa kabla hujasahau anabisha hodi tena. Mnene wako ulikuwa unaishi ukingoni, joto kidogo tu likaongezwa ukaanguka. Mwembamba unavumilia zaidi.

Na kwa faida ya vijana wanaosoma: msidhani hali ya hewa kuchagua kisiwa kimoja na kuacha kingine ni jambo jipya. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi, na merikebu za Sultani Seyyid Barghash zikaangamia bandarini. Pemba ikanusurika. Ndiyo maana mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba. (Wa Unguja msinijibu, nimestaafu.)

BiMwani_Jambiani

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara tatu. Miaka yote nasema "jua la Machi baya" na sikujua kwamba ni saa ndiyo mbaya. Nimekwenda kutoa ile karatasi ya maji kujaa na kupwa tuliyopewa kikundini, nikaitazama upya. Kweli, mbegu zangu nilizipanda siku tatu kabla ya bamvua. Nilichagua siku hizo kwa sababu maji yanakwenda mbali na nafanya kazi kwa nafasi. Nilichagua siku inayonifaa mimi, si inayoufaa mwani.

Mtafiti_Chipukizi

Shikamoo Bi, shikamoo Mwalimu. Mimi nasomea sayansi ya bahari, mwaka wa mwisho, na nimefanya mazoezi yangu ya kazi upande wa kusini mashariki ya Unguja. Naongeza mawili matatu.

Huo weupe wa ncha una jina, wataalamu wanauita aisi-aisi. Wengi wanaudhani ni ugonjwa wa kuambukizwa tu, kwamba mbegu za Pemba zilikuja nao. Mara nyingi sivyo. Mwani ukichoka kwa joto, au kwa maji ya mvua yaliyopunguza chumvi ghafla wakati wa masika, unalainika, halafu bakteria ambao wamo baharini siku zote wanapata mlango. Mnene unapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Waliopima maji ya kina kifupi huku kwetu wakati wa kukupwa wamekuta yamevuka 33. Kwa hiyo msigombane na waliowauzia mbegu.

Ila mbegu zenyewe nazo zina udhaifu wake. Mwani wetu haupandwi kwa mbegu kama mchicha, tunakata kipande tunafunga, kinakua, tunakata tena. Tangu 1989 tunakata ule ule. Ni kama ukoo mzima uliotoka kwa mtu mmoja bila kuoana na nje: likija jambo lisilompenda huyo mmoja, linawachukua wote.

Kuhusu maji marefu, wazo si la afisa peke yake. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti wake Taasisi ya Sayansi za Bahari, mama wa mwani wa nchi hii kwa kweli, amelifanyia kazi miaka mingi na wakulima wenyewe. Njia mojawapo ni nyavu za mrija: wavu umeviringwa kama soksi ndefu, mwani unasukumwa ndani, kwa hiyo haukatiki ukachukuliwa na mkondo na hufungi taitai moja moja. Unaning'inizwa kwenye maji yasiyokupwa kabisa. Mnene unakua humo. Shida inayobaki ni hiyo hiyo uliyoitaja: chombo na kuogelea.

Na jambo moja la afya. Maji yakipata joto kuna majani membamba kama nywele, ya kijani iliyoiva au kahawia, yanazingira kamba. Ukiwashwa ngozi au macho baada ya kuyashika, usijikune ukadhani ni chumvi. Nawa kwa maji baridi na uvae glavu siku ya pili.

BiMwani_Jambiani

Mwanangu marahaba. Kumbe ni majani! Sisi tulikuwa tukisema ni dawa za hotelini zinamwagwa. Tumeshawahi kwenda kugombana na watu kwa ajili ya upele huu. Basi tena, nitawaomba radhi kimoyomoyo.

Salama_wa_Kiuyu

Shoga yangu wa Jambiani, mimi ndiye unayemtafuta. Nalima mwani Pemba, upande wa Kiuyu, na mnene ninao, si wa kutisha lakini upo. Miaka sita sasa nipo maji marefu. Nikwambie ukweli wote, mtamu na mchungu.

Kuogelea. Tulikuwa wanawake wanane, mdogo ana miaka ishirini na mbili, mkubwa alikuwa na hamsini na moja. Tuliona haya kujifunza mchana, watoto wangetutungia nyimbo. Tukajifunza usiku, kuna mbalamwezi, maji yamejaa, kwenye ghuba ambayo wanaume hawateremki. Aliyetufundisha ni binti wa mmoja wetu aliyejifunza skuli. Tulivaa suruali na fulana za mikono mirefu, kanga ukizamia nayo inakufunga miguu, hilo ulijue toka leo. Wiki ya kwanza hatukuogelea, tulijifunza kuelea tu, umelala chali na dumu tupu kifuani umelikumbatia kama mtoto. Ukishajua kwamba maji yanakubeba, hofu nusu inaondoka. Yule wa miaka hamsini na moja ndiye aliyewahi kuliko sote. Alisema nimezaa watoto tisa, maji yatanifanya nini?

Lakini usidhani utakuwa unaogelea kazini. Kazi inafanyika chomboni. Tunapanga ngalawa ya shemeji yangu, tunamlipa kwa mafungu tukivuna. Kamba zinaelea kwa madumu na chupa, chini zimefungwa nanga. Unaivuta kamba, unaiweka mapajani, unafunga mbegu umekaa. Mgongo umepona! Miaka ishirini ya kuinama, leo nalala bila kupaka mafuta ya karafuu. Kuogelea ni kwa siku utakayoanguka, na utaanguka.

Machungu sasa. Samaki. Tasi wanaupenda mnene kama watoto wanavyopenda visheti, huko nje ndiko nyumbani kwao. Msimu mmoja walitulia kamba saba ndani ya siku nne. Kusi likichachamaa, Juni na Julai, kuna siku tano sita mfululizo huendi, na ukiwa huendi uchafu unaukalia mwani. Na chombo si chako, mwenye chombo akipata safari ya samaki wewe unangoja.

Ninachofanya mimi: kaskazi mnene wote uko nje kwenye maji marefu, hata ikiwa kamba chache, ndio benki yangu ya mbegu. Kusi likianza maji yakapoa, nakata mbegu kule naleta huku kwenye maji ya kiuno, napanda kwa wingi. Ikifika Disemba nimeshavuna, huku naacha mwembamba. Simpi jua nafasi. Wewe mlipanda lini hasa?

BiMwani_Jambiani

Tulipanda mwezi wa pili, shoga. Usinicheke. Fedha za mchango zilitimia mwezi wa pili.

Salama_wa_Kiuyu

Sikucheki. Nimecheka kidogo tu. Fedha na bahari hazijawahi kufika siku moja.

Nahodha_Mafia

Habari zenu ndugu wa visiwa vya juu. Mimi mvuvi wa Mafia, mke wangu na dada zake wanalima mwani, Jibondo. Nimeona mnasifu maji marefu na mimi siyapingi, ila nanga mmeitaja kwa neno moja tu na hapo ndipo penye maisha.

Sisi tulikuwa na kamba za kuelea mwaka 2024. Nanga zetu zilikuwa mifuko ya mchanga, ile ya sandarusi. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Sisi Mafia vimbunga tunavisikia redioni vinakwenda Msumbiji na Komoro, huku kwetu karibu na Ikweta havina mazoea ya kufika. Kile kilifika. Mamlaka ya Hali ya Hewa walitangaza mapema, boti za Unguja zikasimamishwa, na sisi tulivuta vyombo juu tukafunga. Lakini nani aliyefikiria kamba za wanawake? Tarehe 4 kimepita, tulipokwenda kuangalia hakuna hata dumu. Mifuko ilipasuka kwenye mshono. Kamba moja tuliikuta wiki ya pili imejisokota kwenye mikoko, imekuwa fundo kubwa kama ng'ombe aliyelala, haifunguki mpaka tukaikata.

Tangu hapo nanga ni jiwe, jiwe zima lililofungwa kamba nene mara mbili, au chuma kilichopigiliwa kwenye mwamba. Na kamba iwe ndefu kupita kina, maana bamvua la kujaa linapandisha maji mita nne kutoka mahali yalipokuwa. Ukiipima wakati maji yamekupwa ukaifunga fupi, yakijaa itazama au itang'oa jiwe. Mfungaji wa mwanzo alifunga fupi. Sitamtaja, anasoma humu, na ni mimi.

Jambo la pili: msizoee simu kuwa ya picha tu. Utabiri wa bahari unatoka, mvuvi anautazama. Mkulima wa mwani wa maji marefu ni baharia, autazame pia. Ikitangazwa tahadhari ya upepo, vuna kilichopo hata kama hakijatimiza wiki sita. Mwani mchanga mkavu una bei ndogo, lakini mwani uliokwenda Kilwa hauna bei kabisa.

Kuhusu hao wa kaiti, wekeni bendera nyekundu kwenye madumu ya pembeni, juu ya kijiti, ionekane kutoka mbali. Hata sisi wenye mashine tunaomba hivyo. Pangaboi ikishika kamba yako, mimi na wewe wote tumepata hasara.

Mswahili_Muscat

Nimefuatilia toka jana. Bi, naomba radhi kwa yale ya juisi. Bibi yangu alikuwa Bwejuu na alikuwa akilima mwani, nilikuwa nimesahau alivyokuwa akirudi macho mekundu kwa mwako wa mchanga. Kama kikundi chenu kitanunua majaketi ya kuokolea, mawili nayatoa mimi.

BiMwani_Jambiani

Kaka Mungu akuzidishie. Tumeshasameheana, ni Ramadhani. Nitume namba yako kwa faragha, usiweke hapa.

Nimewasomea wenzangu haya yote jana baada ya tarawehe, kwa sauti, mpaka ile ya fundo kama ng'ombe. Tulibishana. Bi mmoja kati yetu amesema yeye na maji marefu ni mbingu na ardhi, atabaki na mwembamba wake na hatutamlazimisha. Wawili wamekubali papo hapo. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu mtu aliyeanzisha habari akiwa wa kwanza kukubali huonekana alikuwa ameshaamua.

Halafu leo mchana nilikwenda na kijiti. Mwalimu asidhani nilimtilia shaka, nilitaka kuona tu. Saa sita na nusu nimekichomeka kwenye mchanga karibu na vigingi vyangu, na kivuli kilikuwa kidogo, kimejikunja mguuni mwa kijiti kama paka. Watoto walisimama kunitazama, wanadhani bibi anaagua. Nikatembea kutoka hapo kwenda nje, taratibu, napima maji kwa mguu. Kwenye kamba zangu ni kifundo cha mguu na ya moto. Hatua kama mia na hamsini mbele, kabla ya mwamba, kuna mkondo tunaouita mlango mdogo, ndimo ngalawa zinamopita maji yakiwa haba. Mle maji yalikuwa ya kiuno, yanakwenda, na ubaridi nimeusikia mpaka mgongoni. Miaka thelathini na zaidi napita pale nikirudi na gunia kichwani, sijawahi kuweka kigingi, kwa sababu wavuvi ni njia yao.

Kwa hiyo nimezungumza na wavuvi. Wametupa ukingo wa upande wa kusini, upana wa kamba kumi na mbili, tuweke bendera. Si maji marefu ya Salama, lakini si sufuria ya chai. Mbegu za mwembamba zipo, tutaanza nazo hapo kujaribu nanga. Mnene tutangoja maji yapoe, baada ya masika, na safari hii tutapanda maji mafu.

Na kuogelea tunaanza wiki ijayo, usiku, kama nyinyi. Nina swali moja kwa Salama: dumu la lita ishirini, lililokuwa la mafuta ya kupikia au la maji?

Salama_wa_Kiuyu

La maji. La mafuta hata ulioshe vipi linateleza, utabaki umekumbatia hewa. Na lifunge kamba mkononi.

Mwalimu_Micheweni

Bi, kivuli cha kijiti kilielekea upande gani?

BiMwani_Jambiani

Kaskazini, Mwalimu. Kidogo tu.

Mwalimu_Micheweni

Basi jua bado liko kusini yako, halijafika utosini. Siku chache zijazo. Rudi na kijiti.